Kibao Kilichotangulia Betri

Kwa muda wa miezi minane nilikuwa mtaalamu wa fedha za umma za Ulaya kwa ajili ya nishati endelevu. Hakuna aliyeniteua. Kazi yangu halisi, ile iliyonipa viza, ni kupanga viti na kumimina maji katika kumbi za mikutano za hoteli moja kule Dubai Marina, na kuhakikisha maikrofoni hazipigi mluzi mtu anapozikaribia. Lakini ukisimama nyuma ya ukumbi siku tatu mfululizo, mikono mgongoni, unasikia mengi, na mimi nina tabia mbaya ya kuamini kwamba nilichokisikia nimekielewa.

Mkutano wenyewe ulihusu majimbo ya Ulaya yaliyobaki nyuma. Hilo peke yake lilinishangaza, maana sikujua kwamba Ulaya nayo ina watu wa kubaki nyuma. Walikuja na picha: shule zenye sola juu ya paa, hospitali inayopashwa joto kwa mabaki ya mbao, bonde ambalo zamani lilikuwa mgodi wa makaa na sasa limesimikwa mitambo ya upepo. Nchi zao huchangia mfuko mmoja, majimbo yenye shida yanaomba, yakikubaliwa yanajenga. Nilimimina maji kwa unyenyekevu mkubwa. Kufikia chai ya saa nne nilikuwa nimeshachukua kalamu ya hoteli na ninaandika nyuma ya menyu.

Aliyenimaliza kabisa ni mama mmoja mfupi, mwenye mvi, aliyevaa viatu vilevile vya bapa siku zote tatu. Alikuwa ofisa wa jimbo lao, na alieleza jinsi walivyobadilisha mfumo wa kupasha joto shule za wilaya yake. Alitaja hali ya kuanzia, viashiria vya mafanikio, mchango wa mwombaji, hatari za mradi, uendelevu. Kisha akaonyesha picha ya kibao. Kanuni zao, alisema, zinataka kazi iliyofanywa kwa fedha hizo iwekewe kibao mahali pa wazi, ili umma ujue nani kafadhili. Kilikuwa kibao cha kawaida, cha buluu, kimesimama kwenye majani karibu na geti la shule. Katika yote niliyoyasikia siku zile tatu, hicho kibao ndicho kilichoniingia moyoni.

Naomba nieleweke. Ninakotoka, kijiji cha pwani upande wa Tanga, mradi hujulikana kwa kibao chake. Pale njia panda ya kwetu vipo vitano: cha maji, cha mikoko, cha nyuki, cha vyoo, na kimoja ambacho maandishi yamefutika lakini bado tunakiheshimu. Miradi mingi iliondoka zamani. Vibao vimebaki, na tunavitumia kuelekezana: ukifika kibao cha maji, kata kulia. Mgeni akiuliza maji yenyewe yako wapi, tunamwambia hayo ni mambo mengine. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwonyesha kibao, kwake ni kama ameshauona mradi mzima.

Wiki hiyohiyo dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti. Dada ni nesi mkunga kwenye zahanati ya kijiji. Amenizidi miaka tisa, na ndiye aliyekuwa akininyoa nywele na kunichapa mpaka nikamaliza shule. Zahanati ina sola juu ya paa, iliyowekwa miaka ya nyuma. Paneli nzima, nyaya nzima, taa nzima. Betri ndiyo imekufa. Ameandika barua ya kuomba nyingine, barua imeingia kwenye foleni, na foleni ni ndefu. Kwa sasa mtu akijifungua usiku wanatumia tochi ya simu. Anayeishika ni mama mkwe wa mzazi, na mama mkwe akianza kuomba dua, mikono inapanda juu na tochi inamulika dari. Hapo dada anaichukua simu na kuing'ata kwa meno, ili mikono yake ibaki na kazi. Betri za mjini, alisema, hazimalizi mwaka.

"Huko Dubai najua ziko nzuri," alisema. "Nitumie betri moja tu, mdogo wangu. Sina lingine."

Nilikuwa na uwezo wa kuinunua. Nalisema hili mapema ili nisije nikahurumiwa.

Badala yake nilimwambia asifikirie vitu vidogo. Nilimwambia kwamba dunia imebadilika, kwamba kuna mifuko mikubwa ya umma kwa ajili ya nishati ya namna hii, kwamba nimekaa na wahusika siku tatu. Kukaa sikukaa, nilisimama, lakini sikuona haja ya kumchosha na mambo madogo. Tutaandika mradi, nikasema. Tutaweka sola mpya, friji ya chanjo, taa za nje, pampu ya maji, hata nyumba ya nesi. Dada akauliza kama katika hivyo vyote betri nayo imo. Nikacheka kwa sauti ya mtu mwenye ofisi. Imo, dada, imo.

Nikatengeneza fomu kwa kukumbuka slaidi za yule mama, nikamtumia aijaze. Alikuwa akitoka zamu, anaijaza kwenye daftari la shule, anapiga picha, anatuma. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko mradi wenyewe. Penye wanufaika wa mradi aliandika: wanaozaa. Penye hatari zinazoweza kukwamisha mradi aliandika: kuchelewa. Na penye viashiria vya mafanikio, mahali ambapo yule mama alituonya kwamba ndipo wengi hushindwa, dada aliandika maneno mawili: nione ninachoshona.

Nilimpigia simu kumrekebisha. Nilimweleza kwa upole, mimi mpanga viti, yeye aliyepokea nusu ya watoto wa kata, kwamba hicho si kiashiria. Kiashiria lazima kipimike. Nikafuta yake, nikaandika: ongezeko la kiwango cha mwanga katika mazingira ya utoaji wa huduma. Nikamsomea. Akasema sawa. Dada yangu akisema sawa kwa sauti ile, mtu mwenye akili hunyamaza akajitafakari. Mimi nilihamia kipengele kinachofuata.

Chumbani kwetu, mtaa wa Al Barsha, tulikuwa wanne, na kitanda cha chini yangu alilala Mkenya mmoja, mlinzi katika duka moja kubwa la karibu. Nilimpa asome rasimu, nikitarajia sifa. Aliisoma jioni moja, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akilamba kidole kila anapofunua karatasi.

"Boss, hii kitu iko na page arobaini," akaniambia. "Betri nimeiona mara moja, na iko huko chini kabisa kwa yale maandishi madogo."

Nilimjibu kwamba haelewi maendeleo. Akasema inshallah ataelewa, akarudi kupiga pasi shati lake la zamu.

Sasa nifike kwenye kibao, ambacho ningependa kukiruka. Mwezi wa tatu wa utaalamu wangu nilimwandikia yule mama wa jimbo barua pepe ndefu, kwa anwani niliyoikuta kwenye kadi aliyoisahau mezani. Hakujibu. Nikaona kinachokosekana ni ushahidi wa umakini wetu. Hakuna mfadhili, nilijiambia, anayeweza kumtupa mtu ambaye kibao chake kimeshasimama. Siku yangu ya mapumziko nikaenda Deira kwa fundi wa mabango, mzee wa Kihindi aliyeniita arbab, yaani bosi, kana kwamba nina kampuni, nikamwambia nataka kibao cha mradi wa serikali za Ulaya. Aliniuliza karatasi ya ruhusa ya kutumia nembo yao iko wapi. Sina. Khalas, akasema, nembo hatuweki. Tukakubaliana kwamba juu aandike jina la mradi, katikati aandike "Kwa ufadhili wa" kisha aache nafasi tupu, kubwa, ya kumwekea mfadhili atakapojitokeza. Chini yake, kwa herufi ambazo zilitoka kubwa kuliko za mradi, liliandikwa jina langu lote, likitanguliwa na Bwana, na cheo changu: Mratibu Mkuu. Waratibu wadogo hawakuwapo.

Fundi alikuwa na bati zito la stenlesi, mabaki ya kazi ya lifti, linalong'aa hata unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Uso wa mbele aliupaka rangi ya buluu ili maandishi yashike. Mgongo akauacha vilevile. Nilisimama dukani kwake nikajitazama kwenye mgongo huo, nikapendezwa na niliyemwona.

Kutoka hapo nilikipeleka gatini, kwenye kibanda cha wakala anayesafirisha mizigo kwenda bandari za kwetu. Ni mzee wa asili ya Unguja, familia yake ina miaka mingi Dubai kuliko minara ya Marina. Alinitafutia sanduku la mbao. Kibao kililala chini, juu yake pakabaki pengo la kutosha kulaza mbuzi. Mzee akachungulia ndani.

"Nafasi ingalipo tele, mwanangu," akasema. "Huna kitu chengine cha kuwapelekea? Bei ni hiyohiyo."

Mita chache kutoka pale tuliposimama kulikuwa na maduka ya betri. Niliyaona. Nilimjibu kwamba huu ni mzigo rasmi, hauchanganywi na vitu vya nyumbani, nikajaza lile pengo kwa maboksi matupu na blanketi kuukuu. Mzee hakubishana. Aliandika kwenye risiti "bati moja", nami nikakasirika njia nzima kwenye metro kwa sababu hakuandika "kibao".

Miezi ikapita. Dada aliniandikia siku moja kwamba sanduku limefika, asante kwa blanketi. Kuhusu kibao hakusema neno, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimezama katika kuandika upya sehemu ya uendelevu.

Mwezi wa nane wa utaalamu wangu yule mama wa viatu vya bapa akarudi. Ulikuwa mkutano mwingine, mada ileile. Nilimfuata wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na jagi la maji mkono mmoja na kurasa arobaini chini ya kwapa. Hakuwa na haraka. Aliniambia barua yangu aliipata, akaiweka ili aijibu vizuri, na wote tunajua vitu vinavyowekwa ili vijibiwe vizuri vinaishia wapi, akaomba radhi. Akakaa kwenye kochi la ukumbini, akavaa miwani, akasoma. Alisoma kweli, ukurasa kwa ukurasa, huku supu yake ikipoa, na mimi nikijifanya ninafuta meza iliyokuwa safi.

Alipomaliza alinieleza polepole. Fedha zile ni za maendeleo ya majimbo yao, zinatoka kwa walipa kodi wao, na kanuni zinataka zitumike huko. Zahanati ya pwani ya Tanga haiwezi kuingia hata kama ingeandikiwa kurasa mia. Kisha, kwa sehemu kubwa, hulipwa baadaye: mwombaji anajenga kwanza, anakuja na stakabadhi, wanakagua, ndipo wanamrudishia. Aliniuliza kama hilo nalo nililisikia ule mkutano wa kwanza. Nadhani lilisemwa nilipotoka kwenda kuongeza barafu.

Nikamwuliza wao walingoja muda gani. Miaka mitano, akasema. Msimu wa baridi wa pili, boila ya zamani ilipokufa kabisa, wazazi walibeba hita za umeme kutoka majumbani mwao wakaziweka madarasani. Maombi yakaendelea kusubiri huko ofisini, na watoto wakaendelea kusoma. Hakuona kama kuna ajabu yoyote katika hilo. Alirudi kwenye karatasi zangu, akaweka kidole kwenye yale maandishi madogo ambayo Mkenya aliyaona.

"Dada yako anahitaji betri ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Na akiipata, taa zitawaka?"

"Zitawaka."

Hakuniuliza kwa nini sikuituma. Alivua miwani, akanirudishia mradi wangu kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika, akanywa maji yote niliyommiminia. Mimi nilibaki pale nikikunja vitambaa vya meza, nikakunja hata vilivyokwisha kukunjwa, mpaka msimamizi akaniitia yalla, haraka, kutoka mlangoni.

Siku ya mapumziko iliyofuata nilinunua betri. Ilinichukua nusu saa, pamoja na kubishana bei. Nikaibeba mwenyewe hadi gatini, ingawa kulikuwa na mikokoteni, kwa sababu nilitaka iniumize mgongo kidogo. Yule mzee wa Unguja aliitazama, akaniuliza kama ndiyo kitu chengine. Nikamwambia ndiyo. Safari hii aliandika kwenye risiti "betri moja", nami sikuwa na kinyongo.

Jioni nikampigia dada kwa video kumwambia. Alikuwa zahanati, amemaliza kufua mashuka. Alishukuru kama mtu anayeshukuru kupewa chumvi, bila kelele. Nikakusanya ujasiri nikamwuliza, hivi kile kibao alikiweka wapi. Aligeuza simu. Niliona chumba cha kuzalishia, kitanda, ukuta, na ukutani juu ya kitanda kumening'inizwa kitu kinachong'aa, kimeinamishwa kidogo mbele kwa kamba. Nilichukua muda kukitambua kwa sababu kilikuwa kimenipa mgongo. Jina langu, cheo changu na ule ufadhili mtupu vilikuwa vimetazama ukuta.

Akanionyesha. Aliwasha tochi ya simu nyingine, akaiegesha kwenye kikopo mezani ikielekea juu, na mwanga ukapiga kwenye lile bati ukashuka kitandani, mweupe, wa kutosha.

"Kina mgongo mzuri," dada akasema. "Siku hizi sing'ati tena simu."

Nilicheka, naye akacheka, na ningependa kuishia hapo kwa kuwa hapo bado nilikuwa mjinga wa kuchekesha. Lakini nilimwuliza alipataje wazo hilo, naye akanieleza. Kabla sanduku halijafika, alimzalisha binti mmoja, uzazi wa kwanza, akachanika vibaya. Akiwa katikati ya kumshona, simu iliisha chaji. Mama mkwe hakuwa na simu. Dada alishona kwa kupapasa mpaka damu ilipomshinda, akakandamiza kwa kitambaa, wakampakia yule binti kwenye bodaboda kati ya dereva na yeye, mkono wake ukiwa palepale hadi hospitali ya wilaya. Binti alipona. Dada alisema kwamba siku alipofungua sanduku, akaona ule upande unaong'aa, akili yake ilikuwa bado kwenye usiku ule.

Nilihesabu. Ilikuwa ile wiki niliyompigia kumfundisha kiashiria ni nini.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ulikuwa na mradi," akasema, na hakuwa akinisimanga. Alisema kama anavyosema kwamba mtu ana homa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuipata mbele ya arbab yeyote, na nimeshammwagia maji mtu mwenye kanzu nyeupe. Nilimwomba msamaha. Alisema nimeshasamehewa, nile vizuri, niache kukonda. Baada ya hapo nilitaka kumwambia ashushe kile kibao akikate, akitupe, akifanye mfuniko wa pipa. Alikataa. Mvua za masika zikinyesha siku tatu, alisema, hata betri nzuri inachoka, na lile bati halichoki. Kwa hiyo bado lipo, limegeuka vilevile, na sijawahi kumwomba aligeuze.

Betri ilichukua wiki sita kufika. Siku ilipofungwa nilikuwa nyuma ya ukumbi, mikono mgongoni, kwenye mkutano wa watu wa madini, na simu ikatetemeka mfukoni. Sheria ya kazi inakataza kuitazama. Niliitazama. Ilikuwa picha ya kitanda kilichotandikwa shuka safi chini ya taa inayowaka, na chini ya picha dada alikuwa ameandika kwamba ile fomu yangu bado anayo kwenye daftari, nisiitupe ya kwangu. Pale penye viashiria nirudishe maneno yake, kisha niweke alama ya vema.

"Naona ninachoshona."